Udongo Ulioota Ukungu

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka moyo unanidunda kama msichana! Nilikuwa mke mpya hapa Gonja, nimepanda kutoka kijiji cha Kisiwani, kule tambarare, na kiburi changu. Mamamkwe alinigawia nusu ya mbegu za nyanya tulizokuwa nazo nyumbani, nioteshe kitalu changu kando ya chake.

Nikataka kumshinda. Nikachota samadi ya mbuzi, mbichi, bado ya moto, nikaimwaga tele. Yeye akachukua mboji ya mwaka uliopita, akaichanganya na udongo wenye vimizizi kutoka shamba lililopumzishwa. Mboji ile ilikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui.

"Mama, udongo wako umeota ukungu," nikasema huku nacheka.

"Uache. Huo ndio ninaoutaka."

Wiki ya tatu miche yangu ikaungua majani, ikalala. Nikalia, maana vuli ilikuwa inakaribia na mbegu nyingine hatuna. Mama hakunigombeza. Aling'oa mche wangu mmoja na wake mmoja, akaniwekea kiganjani. Wangu ulikuwa na kimzizi kimoja cheusi. Wake, mwanangu! Mizizi chungu nzima, myeupe, imeshika udongo hata ukitikisa haudondoki.

"Mtoto wa wiki tatu unamlisha makande?" akaniuliza. Kisha akanipa nusu ya miche yake, nipande kama yangu. Aibu niliyoona! Lakini mvua ilipokatika mapema, nyanya zile zilibaki wima, na sote tukala na kugawia majirani.

Miaka mingi baadaye, kwenye mkutano wa wakulima, bwana shamba alitueleza kwamba kwenye udongo hai kuna kuvu wema, ndugu wa ukungu ule, wengine hawaonekani kwa macho. Wanaingia mizizini, wanauletea mche maji na chakula kutoka mbali, nao mche unawapa sukari. Nilisimama mkutanoni nikapiga vigelegele peke yangu! Mama alikuwa akiwafuga bila kujua jina lao.

Basi, mwanangu, samadi iache ioze mpaka ipoe na inukie kama ardhi iliyonyeshewa. Usikimbilie dawa ya ukungu kabla hujaona ugonjwa. Jambo jipya lijaribu kwenye miche michache kwanza. Na ukimwona mtu mzima anafanya usichokielewa, muulize kabla hujacheka.

Mungu akupe mikono yenye subira, na kila unachootesha kiwashibishe hata usiowajua.