Mama wa Mpenzi Wake

Kila asubuhi mwigizaji yule alifika wa kwanza kwenye chumba cha vipodozi, viatu mkononi, na kabla ya kuketi alinusa kopo la poda kama mpishi anayeonja mchuzi. Idella, msusi wake tangu filamu hazijawa na sauti, aliizoea hata namna alivyopigapiga vidole gotini akirudia maneno ya kila mtu, ya kwake na ya wenzake. Idella ndiye aliyemsuka alipoigiza binti anayetoroshwa na mpenzi, akamsuka alipofanywa mke anayeachwa. Siku ile amri ikashuka kutoka ofisini: mtie mvi, sasa ni mama. Mama wa nani? Wa bwana yuleyule aliyemtorosha! Tena bwana anayemzidi umri, aliyeketi kiti cha pili akingoja Idella huyohuyo ampake piko kuficha mvi zake. Idella alitamani ayabadilishe makopo.

“Shikamoo, mama!” bwana akatania. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama mwenyewe hakucheka. Aliinuka pekupeku, akampinda bwana sikio kwa upole, akachungulia nyuma yake.

“Marahaba, mwanangu. Idella, hebu rudia hapa. Mtoto wangu ana mvi.”

Kicheko kikakatika. Baadaye, chini ya taa kali, alimlilia mwanawe huyo hadi mafundi wa taa wakafuta macho. Mwongozaji akapiga makofi, akampita pale alipopiga magoti, akaenda kumkumbatia bwana.