Tundu la Chini ya Jiko

Katunge amejenga majiko ya kuni katika nyumba nyingi za Kikima, na ukimwambia jiko lake linatoa moshi, anakasirika kama umemtukana mama yake. Kwa hivyo Mama Kyule alipompigia simu Jumamosi asubuhi kulalamika, Katunge alifika hata kabla chai haijachemka.

Jikoni hakukuonekana kitu kwa moshi. Mama Kyule alikuwa anapikia akina mama wa kanisa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yenye maharagwe. Mwezi wa saba huwa wanakuja kuombea humo humo jikoni kwa sababu ya baridi. Macho yake yalikuwa mekundu. Katunge aliinama, akapapasa chini ya mlango wa kuni. Pale alipokuwa ameacha tundu la kuingiza hewa, kulikuwa na udongo laini, umepakwa majivu vizuri sana.

"Mama Kyule, tundu langu liko wapi?"

"Nililiziba Krismasi nikipamba nyumba. Lilikuwa linakaa kama shimo la panya."

"Na wewe nikikuziba pua, utapika?"

Hakungoja jibu. Alitoboa ule udongo kwa ncha ya panga, kisha akachomoa kuni tatu kati ya sita zilizokuwa zimebanana humo. Moto ukanguruma, na moshi ukapanda wote kwenye bomba.

Wageni walipofika, mmoja alishangaa kukuta hakuna moshi. Tangu baridi ianze, kwa Mama Kyule kila mtu aliomba huku machozi yakimtoka.

"Leo," Katunge akasema akinawa mikono, "tutajua nani analilia dhambi zake."