Gunia la Athuman

Ferista binti Yonasi alizaliwa mkubwa na akakua mkubwa, na watu wa Isansa hawakumpa nafasi ya kusahau. Kwaya ilimweka mstari wa nyuma asije akawafunika wenzake. Msimu wa kahawa aliambiwa apite katikati ya njia asivunje matawi. Shangazi yake mwenyewe, Enesi, alikuwa akisema mbele za wageni kwamba atakayemwoa huyu aandae kitanda cha chuma. Wageni wakicheka, Ferista alikwenda jikoni kuongeza kuni.

Aliyemtazama kwa macho mengine ni Athuman, dereva wa bajaji wa Tunduma, mtu wa Tabora aliyefuata riziki mpakani akanogewa. Alimpakia Ferista siku moja na ndoo yake ya maparachichi. Kwenye kona akaingia kwa fujo zake, tairi la nyuma la kushoto likanyanyuka, na Ferista bila kuwaza akajitupa kushoto, nusu ya mwili nje, mpaka bajaji ikatulia. Athuman alisimama pembeni, akazima injini, akageuka.

“Dada, hiyo umefundishwa na nani?”

“Nimeogopa tu, kaka.”

“Basi naomba uwe unaogopa na mimi kila siku,” akasema Athuman, na Ferista, maskini ya Mungu, akadhani ametongozwa.

Bajaji ilitengenezwa impeleke mama sokoni na arudi salama. Vijana wa Tunduma na Vwawa wakaivua turubai, wakang'oa milango na kiti cha nyuma, wakatoboa bomba la moshi ipige kelele, wakaiita gari ya mashindano. Tairi moja mbele, mawili nyuma. Ukiikatisha kona kwa kasi, tairi la ndani linaachana na ardhi, na hapo pana kitambo kidogo ambacho hujaanguka wala hujasimama. Watu huvuka mpaka kutoka Nakonde kuja kutazama kitambo hicho. Zamani dereva alifunga gunia la mahindi ndani ili chombo kisibinuke, lakini gunia halihami upande kona inapogeuka. Wakaweka mtu badala yake, na jina hawakulibadilisha. Anayening'inia huitwa gunia mpaka leo.

Gunia la Athuman ndilo lililovuma. Kila baada ya mavuno, mbio zilipofanyika kijiji cha Ruanda, watu walimwita Ferista kwa jina hilo kwa shangwe, na yeye, aliyekuwa akilia kwa jina la kitanda cha chuma, alitembea kifua mbele. Aliupenda mchezo ule kuliko Athuman mwenyewe. Tairi lilipoacha vumbi na upepo ukampiga usoni, uzito wote aliosimangwa nao ukawa ndio unaoshikilia watu wawili wasife. Mzee Yonasi alimfuta kwenye maombi ya familia kwa kuishi na mwanaume bila ndoa. Athuman naye kila mwaka alisema watafunga mwaka huu. Ferista hakujali sana. Pale nyuma ya bajaji palikuwa pake, na hakuna cheti kilichokuwa na thamani kama pale.

Kisha akashika mimba. Alimwambia Athuman wiki ya mbio, na Athuman akacheka akasema mtoto wa simba haogopi kurushwa. Walishinda. Usiku uleule damu ikamtoka Ferista, ikaendelea siku nyingi, na mtoto hakuwepo tena. Athuman alisema Mungu ndiye mpangaji, akaenda kufunga taa mpya kwenye bajaji. Ferista aliinuka kitandani akiwa nusu ya alivyokuwa. Magauni yalimning'inia, na nyama hazikurudi hata kwa ugali wa kushindilia.

“Umeisha, mama,” Athuman alimwambia mlangoni, akimpima kwa macho kama mnunuzi wa mbuzi. “Chombo kitanibinukia.”

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Athuman akaja na Goodness, binti wa Vwawa aliyekuwa akiuza chipsi stendi. Alikuwa mnene na mcheshi, mwenye aibu ya mtu aliyezoea kuchekwa. Akamkalisha sebuleni kwa Ferista, kwenye kiti cha Ferista, akasema, “Mfundishe mwenzako.” Kufundisha adui kazi yako ni kama kuchimba kaburi lako na kuambiwa ulipanue kidogo, lakini Ferista alifundisha. Angekataa, nguo zake zingekuwa nje kabla ya jioni.

Alimfundisha mahali pa kushika na namna ya kukunja goti, na kwamba mtu hulala upande wa ndani wa kona, si wa nje. Goodness alishika upesi, akashukuru kwa kila kitu, akafagia uwanja bila kuambiwa. Ferista alimchukia zaidi kwa huo wema.

Kule Ruanda njia ya mbio ina kona mbili zilizofuatana, ya kushoto na mara ile ya kulia. Anayengoja ya kwanza iishe ameshachelewa. Ferista alihama upande injini inapopunguza sauti tu, kabla usukani haujageuka. Athuman hakuwahi kumpa ishara. Wala hakujua kama kuna anayehama mapema hivyo. Aliamini ni mikono yake.

Asubuhi ya mbio Goodness alimfuata nyuma ya kibanda cha mishikaki. “Dada, zile kona mbili, nahama saa ngapi?”

Ferista alimtazama yule binti, mashavu yake yamejaa, kifundo cha leso mkononi.

“Subiri Athuman akwambie,” akasema.

Mbio zilikuwa raundi tatu, Athuman na Lwitiko wa Vwawa, atakayeshinda mbili achukue dume la ng'ombe lililofungwa pale pembeni likitafuna mabua. Raundi ya kwanza Athuman aliongoza. Akaingia kona ya kushoto, Goodness akalala vizuri kabisa, watu wakapiga mayowe. Injini ikapunguza sauti. Ferista, akiwa katikati ya umati, alijikuta amehamisha mwili kwenda kulia. Goodness alikuwa bado kushoto, macho kwa Athuman, anasubiri.

Bajaji ilibinuka ikamlalia. “Awe mayo!” akapiga kelele mama mmoja wa Kizambia. Athuman alirushwa kwenye mabua, akainuka akijipangusa. Goodness walimvuta, na mguu wake mmoja haukufuata mwili ulikokwenda.

Lwitiko alizima injini akaja mbio. “Kaka, tuahirishe. Mtoto wa watu ameumia.”

“Kwani ng'ombe ameahirishwa?” Athuman akajibu. Bajaji ilikuwa imeshasimamishwa, na ilipopigwa iliwaka. Akazungusha macho kwenye umati mpaka akampata aliyemtafuta. “Ferista! Panda!”

Moyo wa Ferista uliruka kwa furaha. Aibu ilikuja pia, lakini ilikuja nyuma, ikakuta furaha imeshakaa. Ili afike kwenye bajaji ilimlazimu kumpita Goodness, aliyelazwa juu ya kanga, uso umekuwa wa kijivu.

“Dada,” Goodness akamwambia, “nilimsubiri. Hakuniambia.”

“Pole, mdogo wangu,” akasema Ferista, akapanda.

Pikapu ya kumpeleka Goodness hospitali ya Vwawa ilipatikana upesi, lakini haikuweza kuondoka, kwa sababu njia ya kutokea ndiyo hiyohiyo ya mbio, na watu hawakukubali kuifungua. Wakaiegesha kwenye kona ya pili. Raundi ya pili Ferista alikaa mwepesi lakini hakukosea, akahama kwa wakati wake, wakashinda. Raundi ya tatu aliona watu wanarukaruka wakiliita jina lake la zamani, akajinyoosha nje kuliko siku zote, kichwa karibu na vumbi, tairi hewani, na bajaji ikapita ubavuni mwa pikapu karibu kiasi kwamba aliweza kumsikia Goodness akilia. Alijinyoosha zaidi.