Mikebe Miwili ya Mafuta

Daktari aliponiambia kolesteroli yangu imepanda, nilijiona mtu mkubwa. Msinicheke. Nililelewa na dada yangu kwa mgongo wazi, yale mafupa ya samaki yanayobaki viwanda vikishachukua nyama, na ni yeye aliyeyakaanga na kuyauza kando ya barabara ya Dunga hadi nikamaliza shule. Kwetu huo ulikuwa ugonjwa wa watu wa Milimani, mtaa wa matajiri. Sasa na mimi nilikuwa wa Milimani.

Jioni ileile nikaondoa mafuta yote jikoni. Mikebe miwili ya mafuta mgando, haijafunguliwa, ikanishinda kutupa, nikamtuma mtu wa bodaboda ampelekee dada na kumweleza nilivyokatazwa na daktari. Ni mwembamba, nilijiambia, anashinda juani akibeba karai. Mafuta yatamfanya nini?

Akanipigia simu akicheka.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ni ugonjwa ya watu wa mshahara. Mimi nitaitoa wapi? Sasa utakuja lini?"

"Jumapili."

Sikwenda. Dunga si mbali, lakini kwa dada huwezi kuingia usile, na kila alichopika kilikuwa kinaelea kwenye mafuta. Kukataa sahani yake mbele yake ningeona haya. Nikaona heri nisionekane kabisa. Mke wangu alikwishatangulia mbele ya haki, watoto wako Nairobi, kwa hiyo Jumapili zangu zikawa za samaki wa kuchemsha, sahani moja, na redio. Dada aliuliza tena, nami nikajibu Jumapili, mpaka ikawa kama salamu tu.

Kiharusi kilimwangusha palepale kwenye karai lake. Hospitalini wakampima damu, mara ya kwanza maishani mwake, na kolesteroli yake ikaizidi yangu. Daktari akaniuliza anapikia mafuta gani. Nilijua. Yaleyale ya biashara, yaliyokaanga tangu Jumatatu hadi yakawa meusi. Hayo ndiyo aliyoungia sukuma wiki yake, kwa kuwa kumwaga ni hasara. Nilijua miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa napimwa kila baada ya miezi michache, na sikuwahi kumwambia panda pikipiki twende wote. Nilikasirika sana, na hakukuwa na wa kumkasirikia ila mimi.

Alikufa siku ya tatu. Tulimzika nyumbani kwa mumewe, kijijini Asembo Bay, kisha nikarudi Dunga kutoa vitu chumbani mwake. Chini ya kitanda, ndani ya kanga safi, nikakuta mikebe yangu miwili. Haikuwa imefunguliwa.

Jirani yake, mama anayeuza dagaa wa omena, alisimama mlangoni.

"Hiyo alikataa kugusa, Baba. Alisema ni ya kukukaangia samaki, ngege mzima, ukikuja Jumapili."

Niliibeba nikarudi nayo. Iko juu ya kabati la jikoni. Jumapili nachemsha samaki wangu, nakaa mezani nikiitazama, hadi samaki anapoa.