Sauti ya Tatu

Kwaya yetu ya Lodwar ilipotimiza miaka ishirini na mitano tulikuwa na keki, sare mpya na mgeni rasmi. Tulichokosa ni sauti ya tatu. Wimbo wetu mkubwa, ule mwalimu alioutunga mwenyewe kwaya ilipoanza, ulikuwa na shimo katikati.

Kosa lilikuwa la mwalimu, na ninalisema huku nikimpenda. Alitufundisha kwa masikio, bila nota, kila sauti mahali pake: sauti ya kwanza ukutani pa kanisa, sisi wa pili kwenye tangi la maji, wa tatu chini ya mkoma, wa nne nyuma ya jikoni. Ole wako akukute unafuatisha sauti ya wenzako. "Beba mzigo wako," alisema. "Ukichungulia wa jirani utaangusha wako." Tulikutana sote Jumamosi tu, na hapo ndipo wimbo ulipokuwa wimbo. Kaseti moja tuliyowahi kurekodi, mtu alikuja akarekodi mahubiri juu yake.

Kisha mwalimu akapatwa na kiharusi. Masikio yalibaki, ulimi ukaenda. Wimbo wote ulikuwa kichwani mwake, na hakuna aliyeweza kuutoa. Binti yake alituambia kwamba kila akisikia habari za sherehe anagusa sikio lake na kulia. Alitaka kuusikia mzima mara moja tu kabla hajafa. Tukamwahidi. Ahadi ni deni, na sisi hatukuwa hata na waimbaji wote.

Wa sauti ya tatu walikuwa wametawanyika. Mmoja alishazikwa. Mwingine alivuka Kainuk wakati wa ukame kwenda kutafuta kazi Kitale, hakurudi. Wa mwisho alikuwa Kakuma, akipakua magunia ya mahindi kambini. Nikapanda lori kumfuata.

Nilimkuta mazoezini na kwaya ya wakimbizi wa Sudani, vijana tupu, ngoma zao zikitimua vumbi. Waliimba vizuri mpaka nikaona wivu. Kwetu hata aliyekuwa mdogo alishakuwa na wajukuu.

"Ejok, dada," aliniamkia. "Mwalimu iko namna gani?"

"Anakungoja wewe."

"Ambia yeye mimi nakuja. Hiyo wimbo iko ndani ya damu."

Nilirudi Lodwar na matumaini, mjinga mimi.

Alikuja kweli, jioni ya kuamkia sherehe. Tulimketisha mwalimu mbele yetu, tukaanza. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili, bwana yule akateleza akaingia sauti ya nne. Mwalimu akainua mkono wake mmoja ambao haukupooza. Tukaanza upya, na safari hii akaingia kwetu, akawa anaimba nami bega kwa bega. Mkono ukapanda tena. Mwalimu alifungua kinywa amwonyeshe, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini kilichosikika ni kama mlango unaokwaruza sakafu. Alijaribu na kujaribu mpaka mate yakamtiririka kifuani. Binti yake akasema basi, mwacheni.

Yule bwana alienda kuketi chini ya mkoma, mahali pao pa zamani, kichwa mikononi.

"Dada, ilikuwa hapa. Mimi najua ilikuwa hapa."

Siku ya sherehe tuliuimba hivyo hivyo. Mgeni rasmi alisema malaika wenyewe wangetuonea gere, na vigelegele vikapigwa. Nilimtazama mwalimu. Safari hii hakuinua mkono. Aliuacha magotini, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza kwaya ya parokia nyingine. Iliniuma kuliko matusi.

Alikufa tukingoja mvua, na mvua yenyewe haikuja. Bwana wa sauti ya tatu alirudi kwenye magunia yake. Kwaya hakuna aliyeivunja, tuliacha tu kukutana.

Mimi sauti yangu ninayo bado, yote, bila kosa hata moja. Huiimba nikichambua mahindi. Lakini sauti ya pili peke yake haiendi popote. Inapanda kidogo, inashuka, inanyamaza mahali ambapo wengine walikuwa wakijibu.

"Nyanya, unaimba nini?" wajukuu huniuliza.

"Wimbo wa mwalimu."

Husikiliza kidogo, halafu hucheka. "Hiyo si wimbo, nyanya."

Nami sina cha kuwaonyesha.