Ndege Tatu Juu ya Kitanda Chetu

Mume wangu alikuwa seremala katika shamba moja la kahawa huku kwetu Mbozi, miaka michache kabla ya Uhuru. Pale shambani palikuwa na Mwingereza mmoja, mseja, aliyesimamia mashine ya kumenya kahawa. Alikuwa mtu mrefu na mpole, asiye na maneno mengi isipokuwa ukimgusia ndege zake, vieropleni vya kurusha kwa kujifurahisha. Alizitengeneza mwenyewe barazani kwa vijiti vya mti mwepesi sana, akavivika hariri, akaipaka dawa mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Ile kubwa ilikuwa na redio tumboni. Yeye alisimama chini ameshika kisanduku chenye kifungo, akibonyeza, ndege inakata kona huko juu. Zilipovunjika, na zilivunjika mara kwa mara, mume wangu ndiye aliyeziunga, kwa sababu ana mkono mwepesi. Hivyo ndivyo walivyozoeana.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu yule bwana alipata likizo ya miezi sita kwenda kwao. Ndege zake hakutaka ziachwe katika stoo ya shamba, ambako panya walikuwa wengi kuliko magunia. Wazungu wenzake nao walimcheka kwamba ni mtu mzima anayecheza. Akamwomba mume wangu azitunze nyumbani kwetu. Mume wangu akakubali papo hapo bila kuniuliza, kana kwamba ameombwa kuweka mwavuli.

Siku ndege zilipoletwa nilikuwa uani napepeta maharage. Nikaona wanaume sita wanakuja kwa mwendo wa pole, wamebeba vitu virefu vilivyofunikwa shuka nyeupe, na nyuma yao yule Mzungu ameshika kofia mkononi kwa sababu ya joto. Jirani yangu akatua kapu lake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?"

Bwana akatoa maagizo kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hapana weka karibu moto. Hapana weka juani. Hapana weka kitu juu yake. Hapana lala ukutani, bawa napinda." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe iko nyumbani kila siku?"

Nikamjibu kwamba nipo.

"Basi wewe ndiyo stoo."

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje. Jikoni palikuwa na moshi. Sebuleni palikuwa na kuku wanaotaga, na kuku hawajui maagizo ya mtu. Ile ndege kubwa ilipowekwa kwenye mkeka kwa robo saa tu, kuku mmoja alishaingia sehemu ya bawa na kuanza kujitengenezea kiota. Palibaki chumba cha kulala, ambacho mume wangu alikuwa amekiwekea dari ya mbao kwa ajili ya ndoa yetu. Akapiga misumari darini. Kamba hazikufaa kwa kuwa zingekata hariri, ikabidi kanga yangu moja ichanwe vipande vipana, tukazitundika ndege kama watoto wachanga mbelekoni. Kubwa ilikaa katikati, mdogo wake kulia na mdogo wake kushoto, zote juu ya kitanda, maana hapakuwa na nafasi nyingine. Bawa la ile kubwa lilinizidi urefu mimi nikilala.

Kila asubuhi mume wangu aliamka kama alivyozoea, akagonga kichwa kwenye panga la puani mwa ile ndege kubwa, akasema "Pole." Hakuwa akijiambia yeye. Alikuwa akiiambia ndege.

Kazi ya stoo si ndogo kama inavyodhaniwa. Nilifuta vumbi kwa unyoya. Kila wiki nilichungulia mabawa kwa jicho moja, kama seremala anavyochungulia ubao, kuona kama unyevu umeyapinda. Mipira ya kufungia mabawa nilipaka poda ya watoto ili isishikane, na hilo lilileta maneno, kwa maana sikuwa na mtoto bado na kila mwanamke aliyeniona nikinunua poda Mlowo alinipongeza. Mama mkwe alisikia pongezi hizo kanisani. Akaja mbio amebeba maziwa na kuku. Nilipomwonyesha poda inakokwenda, alikaa kitandani, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi huyo kuku nitarudi naye."

Watu waliposikia kwamba mojawapo ina redio, ndiyo mlango haukufungwa tena. Jirani yangu yule yule alikuja na kiti chake. Mwanawe alikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, na barua hazikuja.

"Mwambie tu mama yake hajambo," akaniambia, akielekeza kidevu darini.

"Mama, hii haisemi. Na betri zimetolewa."

"Haisemi kabisa?"

"Inasikia tu. Mzungu anabonyeza, yenyewe inageuka."

Akafikiri. "Basi hiyo ni mume wangu," akasema, akabeba kiti chake akaenda.

Lakini aliyenitaabisha zaidi ya wote alikuwa baba mkwe. Mzee huyu alibeba mizigo ya jeshi katika vita vile vya kwanza akiwa kijana, na huko aliwahi kuona ndege ikipita juu yao, akajitupa kwenye matope, asiione tena vizuri. Miaka yote hiyo alikuwa na kiu ya kuitazama sawasawa. Sasa ndege tatu zilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na hakuweza kuziona, kwa sababu zimetundikwa juu ya kitanda cha mkwe wake. Kwetu baba mkwe haingii chumba hicho, hata nyumba iungue. Mimi mwenyewe nilipokutana naye njiani nilipisha, nikapiga magoti mbali, nikamsalimu huku natazama majani.

Hakuomba, kwa sababu hilo pia lingekuwa aibu. Alifanya hivi: kila asubuhi alikuja uani, akakaa kwenye kigoda, akamwita mwanawe. "Wageni wameamkaje?"

"Wazima, baba."

"Wamekula?"

"Hawali, baba."

"Ni wageni wazuri," alisema, akabaki hapo hapo mpaka jua likawa kali. Wiki tatu mfululizo. Sikuweza kuingia wala kutoka bila kupiga magoti. Magoti yangu yalianza kuwa meusi, na mimi ndiye niliyemwambia mume wangu kwamba au ndege itoke nje, au mimi nirudi kwetu.

Tuliitoa Jumapili mchana baada ya ibada, ile kubwa peke yake. Tukaweka meza katikati ya ua. Mume wangu alitakiwa aiweke tumbo tu bila mabawa. Lakini alikuwa mbele ya baba yake, na kazi ya mikono yake ilikuwa ndani ya yale mabawa, kwa hiyo akayafunga kwa mipira yote kama siku ya kuruka. Ilipendeza, sisemi uongo. Nyeupe, mkia mwekundu, imesimama juu ya meza yetu ya kulia ugali.

Baba mkwe alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Dereva anakaa wapi?"

"Anabaki chini, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Hata mimi ningekuwa dereva, ningebaki chini."

Sasa, huku kwetu Mbozi, mvua zikikaribia, upepo wa mchana hauji kwa kunong'ona. Mimi niliona vumbi likisimama upande wa mashamba, nikafungua mdomo, lakini mbele ya baba mkwe sauti yangu ilikuwa na mazoea ya kutotoka. Upepo ukaingia uani. Ndege ikainua pua, magurudumu yakaacha meza, taratibu kabisa, kama mtu anayeaga kwa heshima.

Mume wangu alikuwa upande wa mbali. Aliyekuwa karibu na mkia ni baba mkwe, akaudaka kwa mikono miwili.

Ndege haikuwa na nguvu ya kumbeba mtu mzima, lakini ilikuwa na nguvu ya kutosha kumfanya akimbie. Mzee ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata akinyeshewa alikata ua mzima kwa hatua ndefu, koti limefunguka kama mabawa mengine mawili, akapita kwenye maharage yangu yaliyoanikwa, akaelekea kwenye shimo la taka. Mama mkwe alikuwa akisema, "Iachie, iachie," naye akijibu bila kugeuka, "Si yangu niiachie."

Nilikimbia. Sikufikiri lolote. Nilimshika baba mkwe kwa nyuma ya koti na kuvuta kwa nguvu zangu zote, mkwe na mkwewe, hadharani, siku ya Jumapili. Hata kwa koti tu lilikuwa jambo la watu kulisema mpaka Tunduma.

"Mwanangu," akasema, akihema, "usinishike mimi. Shika ndege."

Nikaachia koti, nikashika bawa. Upepo ukapita. Tukaanguka wote kwenye ukingo wa shimo, yeye ameketi kwenye majivu, ndege imelala kifuani pake salama, isipokuwa mahali vidole vyangu vilipotoboa hariri, tundu la kiasi cha kiganja.

Hakuna aliyecheka pale. Walikwenda kucheka makwao, tuliwasikia.

Hariri ya kuziba ilipatikana kwenye kilemba changu kizuri, zawadi ya shangazi aliyeolewa Nakonde. Nilikata kipande, mume wangu akakibandika na kukipaka dawa iliyobaki kwenye kopo. Kilikaza vizuri sana. Tatizo lilikuwa kwamba kilemba kilikuwa cha manjano, na kipande nilichokata kilikuwa na ua kubwa la waridi katikati. Nilikikata hivyo kwa makusudi. Kama ni kubaki na kiraka, afadhali kiwe kizuri.

Bwana aliporudi likizo alifika siku ile ile, vumbi la safari bado lipo kwenye nyusi. Akashusha ndege moja moja, akachungulia mabawa kwa jicho moja. Yamenyooka. Akanusa mipira, akasikia poda, akafurahi. Kisha akafika kwenye ua la waridi. Mume wangu akamweleza yote tangu kigoda mpaka majivu, na mimi nikasimama mlangoni nikiwa tayari kuadhibiwa.

"Mzee yako nakamata ndege?" akauliza.

"Aliikamata, bwana."

"Yeye mgonjwa?"

"Mzima. Koti ndilo lililochanika."

Akaomba apelekwe kwa mzee. Alimwamkia kwa adabu, wakakaa pamoja barazani, mmoja akisema Kiingereza na mwingine Kinyiha, wakionyeshana kwa mikono jinsi ndege inavyopaa. Jumamosi iliyofuata bwana aliirusha ile kubwa kwenye uwanja wa shamba, na baba mkwe alipewa kiti cha mbele.

Ilizunguka mara tatu kwa utiifu. Ua langu lilionekana kila ilipolala ubavu, na wanawake walinitazama. Mara ya nne bwana akabonyeza kifungo, ndege ikaendelea kunyooka. Akabonyeza tena, akakipiga kisanduku kofi. Ndege ikavuka miti, ikavuka kilima, ikaelekea bondeni upande wa Kamsamba, sauti yake ikawa kama ya nyuki, kisha hata nyuki hakusikika. Nilikaa chini kwenye majani. Miezi sita nimeifuta kwa unyoya, na nje ilidumu dakika kumi.

Waliitafuta siku tatu: bwana, mume wangu na baba mkwe, aliyekataa katakata kubaki. Kila kijiji waliambiwa ndiyo, imepita, iko mbele kidogo. Walirudi mikono mitupu, miguu imevimba, mzee akiwa na furaha ambayo hatukuwahi kumwona nayo.

Bwana aliagiza nyingine kwao. Sanduku lilipofika Mlowo kwa lori, hakulipeleka kwake, alilileta moja kwa moja uani kwetu na kunitafuta mimi. Nikamwambia mume wangu atafsiri polepole kwa Kiswahili cha shambani, ili nisieleweke vibaya: stoo imefungwa, na haitapokea kitu mpaka ijengewe chumba chake, chenye mlango wa nje, ambao mtu yeyote, hata baba mkwe, anaweza kuupita. Bwana akatazama nyumba, akatazama sanduku. Kesho yake alileta matofali.