Skafu ya Kiongozi wa Kundi

Mwalimu wetu wa michezo tulimwita Filimbi, kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni hata akila. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeongoza kambi ya shule: wiki nzima ya kulala kwenye mahema, kupanda kilima, kuvuka mto kwa kamba, na kuwasaidia kazi watu wa kijiji cha jirani. Aliamini kambi humjenga mtoto, na kwa wengi wetu hakukosea.

Mwaka wetu, kiongozi wa kundi alikuwa binti wa fundi cherehani, msichana mkimya, mwepesi wa kazi. Siku ya tatu tulikandika nyumba ya bibi mmoja aliyeishi peke yake. Kesho yake, tukiwa katikati ya kilima, binti hakuonekana. Filimbi akapuliza mpaka mishipa ikamtoka. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna kuacha kundi.

Binti alirudi kambini alasiri, vumbi hadi magotini, akaanza kueleza. Mwalimu akamkata.

"Sitaki hadithi."

Akamvua skafu ya uongozi mbele yetu sote, na asubuhi akampandisha basi na barua ya kumpa mzazi. Sisi wenzake tuliinamisha vichwa tu.

Wiki iliyofuata, jirani wa yule bibi alikuja shuleni kushukuru. Kumbe siku ile tunakandika, binti alimwona bibi akitetemeka, na roho yake haikutulia. Ndiyo maana alirudi kwa bibi. Alimkuta hajiwezi kwa homa, akamkokota hadi zahanati. Huko waliambiwa kwamba wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine.

Mwalimu mkuu alimshauri Filimbi amwombe radhi binti mbele ya shule nzima. Akakubali, ila si mara moja, watoto wasije wakampanda kichwani. Leo, kesho, muhula ukaisha. Shule ilipofunguliwa, fundi alikuwa ameshahama na familia yake.

Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe, alipokwisha kustaafu. Alikuwa akiulizia kila mji aliopita, hadi mwaka wa kumi na moja akamkuta fundi kwenye kibanda kipya, anashona zipu ya sketi. Fundi hakumfukuza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampigia binti yake, akampa mwalimu simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea, na nilijua nimekukosea. Nikanyamaza."



"Nilishakusamehe zamani, mwalimu. Ila tangu siku ile, nikimwona mtu ana shida, kwanza naangalia kama nina ruhusa. Mara nyingine, nikimaliza kuangalia, nakuta nimechelewa."

 Filimbi alimrudishia fundi simu kwa mikono miwili, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka kibanda kilipofungwa.